Kodi ya miezi sita, posho ya subira

Dalali wa Tengeru ukimpigia Jumatano atakwambia uje kesho. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko. Barabara inajaa mikungu ya ndizi, pikipiki na akina mama wenye mafurushi ya mitumba, na yeye mwenyewe siku hizo ana shughuli inayomlipa kuliko kukuzungusha kwenye vyumba. Kwa hiyo tulikwenda Alhamisi, mimi na mpwa wangu, aliyepata nafasi ya kusoma uzamili na barua ya ufadhili juu yake. Dalali alianza kumwita "dokta" tangu tunashuka kwenye Hiace. Shahada yenyewe hata hajaianza.

Chumba cha tatu ndicho kilichomfaa. Masta, choo ndani, vigae sakafuni, dirisha linatazama migomba, bomba lipo na maji yanakuja siku yanapotaka. Mwenye nyumba ni mama wa makamo. Tulimkuta akipalia mboga nyuma ya nyumba, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaitikia shikamoo zetu na kutukaribisha kwenye benchi. Laki moja kwa mwezi, akasema, na kodi hapa ni miezi sita. Dalali naye, kama ilivyo desturi, ana kodi yake ya mwezi mmoja. Jumla laki saba, godoro bado. Mpwa wangu kwenye simu alikuwa na laki mbili na chenji.

Akatoa barua. Ni barua nzuri kweli, ina nembo na mhuri, inasema ada yote imeshalipwa na kwamba posho ya kujikimu itaanza kutolewa "baada ya taratibu za usajili kukamilika". Mama aliisogeza mbali na macho, akaisoma mpaka mwisho bila haraka, akaikunja kama alivyoikuta na kumrudishia.

"Barua nzuri, mwanangu. Sasa mimi hii nikaipeleke hadweya, wanipe bati?"

Dalali alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimekuwa nikiandika kuhusu elimu ya juu kwa miaka kadhaa na sijawahi kusikia swali lililokwenda kwenye shina la jambo namna hiyo. Mjadala wetu wa ufadhili kila mwaka huishia kwenye kiasi: bajeti ya mikopo imefika bilioni ngapi, nani kapata asilimia ngapi, nani kaachwa. Mama yule hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza zinakuja lini. Na ukichunguza wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaokwamia njiani Arusha na Moshi, wengi wamekwama hapo hapo: kodi inadaiwa kwa mkupuo na inadaiwa mbele, ilhali kila senti wanayopata inakuja kwa vipande, tena baadaye.

Kanda hii si ya kubahatisha katika jambo hili. Pale Tengeru ndipo ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na kuzinduliwa na Rais Kikwete Novemba 2012, na iliyoundwa makusudi kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Ukishuka kidogo kuelekea Moshi unakutana na chuo kikuu cha Makumira, Usa River. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu. Moshi kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, Mwenge, na hospitali ya KCMC ambako madaktari wanasomea ubingwa. Vyote hivyo vinapokea watu wazima wenye shahada tayari, wengine wana ndoa na watoto, na vinawaambia kwa adabu: karibuni, makazi mtajitafutia.

Sababu ya msimamo huo ni dhana moja ya zamani ambayo hakuna anayeihoji, kwamba aliyefika uzamili ameshatoka kimaisha. Ana mshahara, ana mwajiri, ana nyumba pengine. Ndiyo maana vitanda vya hosteli chuoni hupewa kwanza wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza na wenye mahitaji maalumu, jambo ambalo silipingi, na wa uzamili akiambulia ni bahati. Ndiyo maana pia Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, uzito wake mkubwa uko kwa kijana wa shahada ya kwanza. Kwa wa juu mlango upo, ila ni wa kuingia ubavu: wanasheria wa Shule ya Sheria, wanataaluma wa vyuo, makundi machache ya namna hiyo.

Weka sura mbili kando kwa kando. Kijana wa mwaka wa pili mwenye mkopo kamili anapata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Boom, yaani hela hiyo ya mkopo, likichelewa anapiga kelele, waziri anaulizwa bungeni, magazeti yanaandika. Mkabala wake yuko anayesoma uzamili, ambaye jioni ndiye anayemsimamia maabara kijana huyo na kumsahihishia majaribio yake. Huyu wa pili posho yake ikichelewa hakuna anayeulizwa popote. Yeye mwenyewe anaona haya kulalamika, mtu mzima mwenye familia kugombea hela ya kula na watoto wa miaka ishirini.

Moshi mambo yanazidi kidogo. Daktari aliyemaliza shahada yake ya kwanza akiwa kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo analipwa posho na serikali. Akirudi baada ya miaka michache kusomea ubingwa, anapiga zamu za usiku, anawaelekeza hao hao walio kwenye mafunzo ya vitendo, wagonjwa wanamwita bingwa tayari. Kama hana mwajiri anayeendelea kumlipa wala mfadhili, usiku ule wote anafanya kazi huku analipa ada. Wizara ya Afya inafadhili baadhi yao, na hilo limeokoa wengi. Waliobaki utawakuta Longuo au Rau, wamepanga wawili wawili. Mmoja akirudi kutoka zamu, mwingine ndiyo anatoka, na kitanda hakipoi.

Tuje kwa mtumishi wa umma, kwa sababu ndiye anayetajwa kila ukigusa hoja hii. "Hawa wana mishahara." Sawa, tuufungue mshahara wenyewe. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kurudisha deni la shahada ya kwanza. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 2016, awali kilikuwa asilimia 8. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia alitangaza kuondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na tulishangilia kwa haki, maana deni lilikuwa linakua mtu akiwa amelala. Asilimia 15 ilibaki. Sasa mwalimu huyu anataka uzamili. Ada hana, kwa hiyo anakwenda benki kuchukua mkopo wa watumishi, na benki inamkata mpaka pale utaratibu unapoizuia, yaani abaki angalau na theluthi ya mshahara. Wenyewe wana neno lao: slipu imejaa. Mtu mwenye slipu iliyojaa ana mshahara kwa jina. Kodi ya miezi sita inamkuta mikono mitupu kama mpwa wangu, tofauti ni kwamba yeye hata barua ya kuonesha hana.

Anakwenda wapi basi? Kikoba cha mke, kama kipo. Shemeji. Na wasiokuwa na hao wanakwenda kwa wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani, ambao fomu yao ni kurasa mbili na masharti yao hayasomeki mpaka siku ya kulipa. Nimeshaona kompyuta mpakato yenye takwimu za miaka miwili ikiwekwa rehani kwa laki tatu. Aliyeichukua hakujua kilichomo ndani. Aliuliza tu kama chaji inakaa.

Kundi la tatu ni la mradi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo linaloonekana limepona. Kwa muongo mmoja uliopita uzamivu wa sayansi kaskazini umebebwa kwa kiasi kikubwa na fedha za miradi. Nelson Mandela ilipata vituo viwili katika mpango wa Benki ya Dunia wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki na Kusini ulioanza 2016, kimoja cha chakula na lishe, kingine cha maji na nishati, na wanafunzi wakaja kutoka ndani na nje ya nchi. Moshi ina historia ndefu ya utafiti wa afya pamoja na vyuo vya Marekani, Duke kikiwa cha kwanza kutajwa. Mwanafunzi wa mradi anapata ada, anapata posho, anapata hela ya kwenda uwandani. Kwa nje ni tajiri.

Tatizo la fedha ya mradi ni kwamba ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa na mtu asiyejua utafiti wako umefika wapi. Mradi unaisha mwezi fulani. Tasnifu haijui mwezi huo. Kibali cha maadili kilichelewa, mvua za masika zikakata barabara ya kwenda kwenye sampuli, kitendanishi kikakaa bandarini, msimamizi akasafiri. Halafu baadhi ya vyuo vinataka uwe na makala iliyokubaliwa na jarida la kitaaluma kabla hujahitimu, na jarida linaweza kukaa na makala yako miezi minane likakurudishia na maswali ya wahakiki wawili wasioelewana. Miezi hiyo minane hujaandikishwa popote kama mhitaji wa chochote. Masomo ya darasani umemaliza. Uwandani umeshatoka. Kinachobaki ni kukaa, kuandika na kujibu maswali, na kukaa ndiko kunakotozwa kodi.

Namfahamu dada mmoja aliyepitia ngazi hizo akishuka. Posho ikiwepo alikuwa na masta yake Sakina, na mtoto wake wa miaka mitatu na binti wa kazi. Ufadhili ulipofika mwisho akahamia chumba kimoja cha choo cha nje. Miezi minne baadaye akawa kwenye sebule ya binamu yake Moshi, Kiboriloni, anaandika usiku binamu na wanawe wakishalala, kwa sababu mchana televisheni haizimwi. Data zake zote zilikuwa kwenye flashi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kitambulisho, akihofia watoto. Amemaliza, namshukuru Mungu. Ila sura ya nne ya tasnifu ile imeandikwa kwenye zulia, na chuo chake kinamhesabu miongoni mwa waliochelewa kumaliza, basi.

Na fedha ya mradi inaweza kukatika hata kabla ya tarehe yake. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 kwa amri ya Rais Trump, USAID ikavunjwa ndani ya miezi, na Mei mosi mwaka huo huo taasisi zao za afya zikatangaza kusitisha utaratibu wa kupitishia fedha za utafiti kwa washirika walio nje ya nchi. Kila aliyekuwa anasoma juu ya mgongo wa fedha hizo alijifunza wiki ile maana ya kupanga nyumba kwa hela ya mtu mwingine. Mwenye nyumba wa Longuo hakuhusika na uchaguzi wa Marekani, na kodi yake haikusimamishwa kwa siku 90.

Nitaje hapa, kwa kuwa wengi wanadhani wenzetu wa huko wamestarehe, kwamba kilio cha makazi si chetu peke yetu. Novemba 2022 wafanyakazi 48,000 wa kitaaluma wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, waligoma karibu wiki sita, na hoja yao kubwa ilikuwa kodi ya nyumba kumeza posho. Kabla yao, wenzao wa kampasi ya Santa Cruz walizuia matokeo ya muhula wakidai nyongeza ya dola 1,412 kwa mwezi ya kuziba pengo la kodi, na zaidi ya 50 wakapoteza kazi zao za kufundisha kwa ajili hiyo. Siutaji mgomo ili tuuige. Nautaja kwa sababu ya jambo moja: wale waliweza kugoma kwa kuwa chuo kinawatambua kama waajiriwa. Wanafundisha, wanasahihisha, wanalipwa. Huku kwetu mwanafunzi wa uzamili anasahihisha madaftari yale yale na hajaandikwa popote kuwa amefanya kazi. Huwezi kugomea kazi usiyokuwa nayo.

Jibu la haraka ambalo kila kiongozi analipenda ni hosteli. Hosteli inapigwa picha, ina jiwe la msingi, ina utepe. Kupitia mradi wa HEET, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, vyuo vya umma nchi nzima vinajenga, na sina ugomvi na jengo hata moja. Lakini nendeni mkatazame hosteli zinavyochorwa. Vitanda vya kupandiana, wanne chumbani, bafu la pamoja, mgeni mwisho saa fulani, mtoto haruhusiwi, na likizo milango inafungwa. Ni nyumba ya kijana wa miaka 21. Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka 36, ananyonyesha, na sampuli zake za maji haziendi likizo. Ukimwekea kitanda cha juu umemfanyia kejeli. Mimi nikipewa kuchagua kati ya kujenga ghorofa jingine la vitanda na kupata njia ya kuwafikisha watu hawa kwenye vyumba ambavyo tayari vimejengwa Tengeru, Njiro, Moshono, Longuo na Soweto ya Moshi, nachagua njia. Vyumba vipo. Tena vingine vinakaa vitupu miezi mitatu vikisubiri mtu mwenye mkupuo.

Ndipo tunarudi kwa mama mwenye nyumba, ambaye katika mijadala ya mitandaoni ni jambazi tu. Nilimuuliza, baada ya lile swali la hadweya, kwa nini miezi sita. Hakuficha. Nyumba ile yenye vyumba vitano ameijenga kwa miaka kumi na moja kwa maziwa na ndizi, na hajawahi kuona mkopo wa benki. Kodi ya chumba kimoja kwa mwezi inaisha kwenye sukari na nauli. Kodi ya miezi sita inanunua bati za chumba kinachofuata. Kwa maneno mengine, mpangaji ndiye benki yake, na ndiye pekee anayempa fedha ya jumla isiyo na riba. Isitoshe ameshakimbiwa. Kijana mmoja wa chuo, mpole, alimlipa mwezi mwezi kwa makubaliano. Mwezi wa nne akaondoka alfajiri na deni la miezi miwili, na balbu akachomoa.

Mwanamke huyu hana sheria mahususi ya kumlinda, na mpangaji wake pia hana. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba iliyokuwepo ilifutwa 2005, na tangu hapo mambo ni mkataba, ama tuseme karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Hata kodi ya jengo imepitia mlango wa nyuma: tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi mwanzoni na 1,500 baadaye kwa nyumba ya kawaida, na anayenunua umeme ni mpangaji. Mpwa wangu, kwa hiyo, atakuwa anamlipia mwenye nyumba kodi ya serikali kabla serikali haijamlipa yeye posho. Hilo ni dogo, lakini limenichekesha mno kuliacha.

Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku kodi ya miezi sita, moja kwa moja, kwa tangazo. Siungi mkono. Tangazo la namna hiyo Arusha litaheshimiwa kwenye nyumba za mashirika na kupuuzwa kila mahali pengine, na pale litakapotiliwa mkazo mwenye nyumba atafanya hesabu rahisi: kati ya mfanyabiashara wa soko la Kilombero na mwanafunzi mwenye barua, nimpe nani chumba mwezi kwa mwezi? Arusha ni mji uliozoea wapangaji wenye kisu kikali. Tangu mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilipoweka kambi hapa 1995 mpaka ilipofunga 2015, na makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watalii, na sasa uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa Olmoti, mwenye nyumba wa hapa anajua kwamba akisubiri kidogo atakuja mwingine. Mwanafunzi hashindani na mwanafunzi mwenzake tu.

Kinachohitajika ni mtu wa tatu katikati, mwenye uwezo wa kumpa mama mkupuo wake leo na kumvumilia mwanafunzi alipe mwezi kwa mwezi. Na hapa nashangaa jinsi tulivyo wepesi wa kusahau tulipo. Moshi ndiyo mji wa ushirika nchini. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliundwa 1933, jengo lake bado limesimama katikati ya mji, na fedha za kahawa ndizo zilizojenga shule na kusomesha watoto wa mlimani wakati serikali ya kikoloni haikuwa na habari nao. Chuo cha ushirika kilianza pale 1963 na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Wanafundisha SACCOS asubuhi na mchana. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya vyama vya akiba na mikopo anatoka darasani akaenda kukopa kausha damu alipe kodi.

Mfuko wa kodi, basi, katika sura ya SACCOS. Chuo kinaweka mtaji, mfadhili anaweka chake, wanafunzi wenyewe wanaweka hisa ndogo. Mwanafunzi akionesha mkataba wa chumba, mfuko unamlipa mwenye nyumba moja kwa moja miezi sita. Mwanafunzi anarudisha mwezi kwa mwezi, na mwenye ufadhili anakatwa humo humo posho ikiingia, hata ikiingia imechelewa, kwa sababu deni sasa ni la mfuko na mfuko unajua posho zinavyochelewa. Kwa kodi kama ya chumba kile cha Tengeru, wanafunzi mia moja wanahitaji milioni 60, na milioni zile zile zinazunguka mwaka unaofuata kwa wengine mia. Sijui ghorofa lipi la hosteli linaloanzwa kwa milioni 60. Atakayekimbia? Yupo, kama yule wa balbu. Lakini chuo kina kitu ambacho mama hana: cheti. Hakuna anayekimbia cheti chake mwenyewe kwa laki mbili.

Udhaifu wa jambo hili naujua. Mfuko unasawazisha muda, hauongezi kipato, kwa hiyo daktari wa Longuo asiye na mwajiri hautamtosha. Yeye anadai kitu kingine, malipo kwa zamu anazofanya, hata yakianza kidogo, na hoja hiyo haizunguki kwenye nyumba bali kwenye haki ya jasho. Kwa mwalimu mwenye slipu iliyojaa, Bodi ingeweza kusimamisha makato ya asilimia 15 kwa muda ule mtu anaposoma na kuyaendeleza akimaliza. Deni halipotei, linasogea tu. Na kwa wale wa jarida, yule dada wa flashi na wenzake, mfadhili yeyote anayeandika mkataba wa miaka mitatu angetenga mapema miezi sita ya makazi tu, bila ada, ya kuandikia. Hata hivyo nikiambiwa nianze na kimoja naanza na mfuko, kwa sababu hauhitaji bunge wala mjumbe wa Benki ya Dunia. Unahitaji kikao cha menejimenti na mhasibu mwaminifu.

Miaka mingi nyuma nami nilisoma uzamili, chuo sikitaji na hakipo Arusha. Posho ya muhula wa kwanza ilifika mwezi wa tano. Nilikuwa nalala ofisini kwa mwenzangu, meza ikiwa kitanda, na mlinzi alijua na alinyamaza. Kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu nilimshukuru mfadhili, msimamizi na idara. Mlinzi nilimsahau, na aliyenilipia chumba hatimaye, mjomba wangu wa Marangu aliyeuza ndama, nilimweka kwenye "na wengine wote".

Pale Tengeru mambo yaliishia hivyo hivyo. Mama alikubali miezi minne baada ya mazungumzo marefu na chai, dalali hakupunguza hata shilingi, na aliyelipa ni mimi, kwa simu, nikiwa nimesimama chini ya mgomba kutafuta mtandao. Hiyo ilikuwa Novemba. Mpwa wangu ameshasajiliwa, ana kitambulisho, ana msimamizi, taratibu zimekamilika zote isipokuwa ile ya posho kuingia. Juzi amenitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Mama mwenye nyumba anakusalimia sana, anauliza kama mwezi wa tatu upo."

Sijamjibu bado.